Vinka lipandeni, lipendeni, ila msilichemshe

Wale ambao Jumamosi hamkuweza kufika kwenye mkutano wa kikundi chetu cha bustani hapa Tanga, mmenitumia meseji nyingi mkiomba niweke maneno yote niliyoongea. Basi haya hapa, nimeyaandika kama nilivyoyasema, picha za ukutani nimeziacha maana ua lenyewe mnalo majumbani.

Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mliokaa kule nyuma mambo vipi. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu asubuhi hii, najua kuna wenye maduka, kuna wenye wajukuu nyumbani, kuna mwenzetu kaniambia kaacha nguo kwenye beseni, karibuni sana.

Niwaulize kwanza. Nani hapa nyumbani kwake hakuna vinka? Nyoosha mkono. Mnaona? Mikono miwili tu, na mmoja najua kahamia juzi. Hili ua la petali tano, la waridi, jeupe, jingine jeupe lenye jicho jekundu katikati, lipo Raskazone kwenye nyumba kubwa, lipo uswahilini kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa, lipo mashuleni, lipo makaburini, lipo pembeni ya barabara limejiotea kwenye mchanga wala hakuna aliyelipanda. Wataalamu wanaliandika Catharanthus roseus. Kwao asili ni Madagaska, kule wazee wetu walikokuita Bukini, ng'ambo ya bahari hii hii tunayoogea, na kutoka huko limesambaa nchi zote za joto, India, Jamaika, Ufilipino, kote.

Mnanijua kwa kazi mbili. Nimekuwa nesi, muda mrefu wodi ya watoto, na sasa nimestaafu nina kitalu changu cha miche. Hili ua nimekutana nalo sehemu zote mbili. Wodini lilikuwa ndani ya kichupa kidogo cha dawa ya kansa, kitaluni liko kwenye kiriba nauza. Na watu wananunua, mtu anauliza bei, analipa, halafu akishageuka kuondoka anarudi, "eti mama, hili si ndo la sukari? Nachemsha majani mangapi?" Hapo ndo moyo unanilipuka jamani. Ndo maana nimeomba niongee leo. Nataka mtoke hapa mnajua kulitunza vizuri kabisa, na mnajua kwa nini mahali pake sio kwenye sufuria.

Tuanze na bustani. Kitu kinachoua vinka nyingi kuliko wadudu, kuliko jua, kuliko hata watoto wenye mpira, ni nini? ... Hapana, sio ukame. Ni maji. Maji ndugu zangu. Ni ule upendo wa kumwagilia asubuhi na jioni.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, mtu wa utaratibu wake, alinunua miche ya kujaza uzio mzima, ilikuwa mwezi wa tatu masika ndo yanaanza. Akawa anamwagilia asubuhi na jioni na mvua nayo inanyesha. Mche mmoja ukalegea. Akaona una kiu, akaongeza maji. Ukalegea wa pili, akaongeza. Akaja kwangu kakasirika kweli kweli, kwamba miche ni mibovu. Nikaongozana naye mpaka kwake, nikang'oa mmoja mbele yake nikamwonesha pale shina linapogusa udongo, peusi, palaini, na mizizi imekuwa ya kahawia ukiivuta inakatika. Ule ni ugonjwa wa kuoza, kimelea chake kinaitwa Phytophthora, kinaishi kwenye udongo uliolowa na kinasafiri ndani ya maji, kwa hiyo kila ukiongeza maji unakisogeza kwenye mche wa jirani. Mmea unanyauka huku umesimama kwenye maji, kwa sababu mizizi ya kunywea imeshakufa. Sasa mtu asiyejua anaona majani yamelala anakimbilia jagi tena.

Tulifanya nini kwa yule mzee? Tuling'oa yote iliyooza, tukaichoma, hatukuiweka kwenye mboji. Tukasubiri masika yaishe. Tukainua matuta, udongo wa pale ni mzito wa mfinyanzi kwa hiyo tukachanganya mchanga na samadi iliyooza vizuri, tukapanda mbali kidogo na pale pa zamani. Leo ukipita kwake uzio wote ni waridi, na mwenyewe ndo anafundisha wenzie kwamba vinka haimwagiliwi kwa saa, inamwagiliwa kwa kidole. Unachomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Ukikuta unyevunyevu, acha. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yashuke kwenye mizizi, halafu acha tena. Na maji ni chini kwenye shina, sio kuyanyeshea majani kama mvua, na iwe asubuhi ili chochote kilicholowa kikauke mchana.

Mtaniambia, lakini mama, mbona saa saba mchana yanajikunja? Kwa jua letu hili la pwani yanajikunja kidogo, ndo linavyojihami na joto. Angalia jioni. Jua likishapoa majani yakajinyoosha yenyewe, halina shida. Yakibaki yamelala mpaka asubuhi na udongo ni mkavu, hapo kweli lina kiu. Yakibaki yamelala na udongo umelowa, ng'oa uangalie mizizi.

Jua lipe la kutosha, masaa sita kwa siku au zaidi. Mkiliweka barazani kwenye kivuli litarefuka, litakonda, maua utayahesabu. Chungu au ndoo lazima iwe na matundu chini, na lile sahani la chini msiache maji yamesimama. Samadi kidogo inatosha, tena iliyooza, ukilijaza mbolea ya kukuzia unapata majani mazuri mapana na maua hakuna. Kuna wenzetu mnaokaa karibu na bahari, udongo wenu una chokaa ya matumbawe, mtaona majani yanakuwa ya njano lakini mishipa ya jani inabaki kijani. Huo sio ugonjwa wa kuambukiza wala sio kiu, ni kwamba kwenye udongo wa chokaa madini ya chuma hayachukuliki na mizizi. Changanya mboji ya kutosha, au pandeni kwenye ndoo kwa udongo wa kutoka sehemu nyingine. Upepo wa chumvi wenyewe linauvumilia vizuri.

Sasa mbegu. Ua likidondoka linaacha vijiti viwili vyembamba vya kijani vimesimama pamoja, ndani ndo mbegu, ndogo nyeusi. Usisubiri vikauke sana, vikishapasuka vinamwaga chini zote na hapo utazikuta zimeota kwenye nyufa za sakafu. Chuma vikianza kugeuka njano, viweke kwenye bahasha ya karatasi vimalizie kupasukia humo. Na siri ambayo wengi hawaijui ni kwamba mbegu ya vinka inataka giza ili iote. Mtu anazinyunyiza juu ya udongo, anaziacha juani, anasema mbegu za mama zimeoza. Hapana, zifunike na udongo mwembamba, kiasi cha nusu sentimita, nyevesha taratibu, funika na gunia au gazeti mpaka uone vichwa vinatokeza, huku kwetu joto ni la kutosha ni wiki moja mpaka mbili hivi. Vikitokeza tu toa gazeti siku hiyo hiyo. Mche ukishakuwa na jozi mbili tatu za majani halisi unauhamisha, mmoja na mwenzie sentimita 25 au 30 ili upepo upite katikati.

Au vipandikizi, hiyo ni rahisi zaidi kwa mwenye haraka. Kata ncha isiyo na ua, sentimita kama 8 au 10, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga msafi penye kivuli, baada ya wiki tatu nne inakuwa na mizizi. Ukikata utaona utomvu mweupe kama maziwa. Ule utomvu usiuguse halafu ukajifuta macho. Nawa mikono kwa sabuni, au vaa glavu, na wewe mwenye ujauzito mwachie mwenzio hiyo kazi ya kukata. Utaelewa sababu mbele kidogo.

Hili ni ua la kudumu, sio la kupanda kila msimu. Linaishi miaka, lakini likiachwa tu linakuwa na miti chini na majani juu. Kwa hiyo mche ukiwa mdogo bana ncha yake litawi, na likishakuwa kubwa, kabla vuli haijaanza, lipunguze mpaka nusu. Mtaona kama mmeliua. Hamjaliua, mvua zikianza linarudi limejaa. Likishazeeka sana shina likawa gumu kama kuni, chukua vipandikizi, anza upya.

Na jambo la mwisho kwenye kutunza. Ukiona maua yanatoka ya kijani, petali zimekuwa vijani vidogovidogo, matawi yamejikusanya kama ufagio, msifurahi kwamba mmepata aina mpya. Kuna mtu aliniletea akitaka tuizalishe tuuze. Ule ni ugonjwa, unaletwa na kijidudu kidogo sana cha jamii ya bakteria kinachokaa ndani ya mishipa ya mmea, na wanaokibeba ni wale wadudu wadogo wanaoruka ukigusa majani. Hauna dawa. Ng'oa mmea mzima, choma, na usichukue kipandikizi hapo.

Haya. Tumemaliza bustani, sasa sufuria.

Hii habari ya vinka na sukari haijaanza Tanga. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada anaitwa Clark Noble alipokea bahasha kutoka Jamaika, ndani kuna majani ya vinka, na maelezo kwamba watu kule wanakunywa chai yake kwa ajili ya sukari. Yeye alishastaafu, akampa mdogo wake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti chuo kikuu kwenye mji unaitwa London, huko huko Kanada. Kanada ndo nchi ambako insulini iligunduliwa 1921, kwa hiyo hawa watu walikuwa na hamu kweli, fikiria dawa ya sukari ya kunywa, kutoka kwenye ua la uani!

Robert Noble akawapa panya ile chai. Sukari ya panya ilifanyaje? Haikushuka. Akajaribu tena, haikushuka. Basi wakaona labda ikipita tumboni inaharibika, wakawachoma sindano. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri mama zangu. Panya hawakushuka sukari. Panya walikufa. Walikufa kwa maambukizi ya bakteria, vijidudu ambavyo mwili wenye afya unavipiga vita kila siku bila wewe kujua. Walipopima damu wakakuta seli nyeupe, wale askari wa mwili, zimekwisha, na uboho kule ndani ya mifupa zinakotengenezwa umenyauka. Kwa hiyo mmesikia? Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni kinga.

Mtu mwingine angefunga kitabu pale akasema hii ni sumu basi. Noble akafikiria upande mwingine. Kuna ugonjwa ambao shida yake ni seli nyeupe kuzaliana bila mpangilio, ni kansa ya damu. Je hiki kinachoua seli nyeupe za panya hakiwezi kuziua zile? Mwaka 1954 akaungana naye mkemia Charles Beer, wakachambua majani mpaka wakatoa kitu chenyewe kikiwa safi, ndo inaitwa vinblastini, wakakitangaza 1958. Kumbe wakati huo huo Marekani kwenye kampuni ya Eli Lilly nao walikuwa wanachunguza ua hilo hilo, nao walianzia kwenye habari za sukari, nao wakakuta panya wenye kansa ya damu wanaishi muda mrefu zaidi. Huko ndo ikapatikana ndugu yake, vinkristini, ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Inafanyaje kazi? Seli ikitaka kugawanyika kuwa mbili inatengeneza nyuzi ndani yake, nyuzi hizo zinavuta nusu ya urithi huku na nusu kule, kama wavuvi wanaovuta juya pande mbili. Dawa hii inazuia nyuzi zisijengeke. Seli inakwama katikati, inakufa. Na seli za kansa zinagawanyika mbio, kwa hiyo zinaumia sana. Lakini nani mwingine anagawanyika mbio? Uboho. Utumbo. Nywele. Mtoto aliyeko tumboni. Na mishipa ya fahamu nayo, haigawanyiki lakini inatumia nyuzi za aina hiyo hiyo kusafirishia mahitaji yake, ndo maana watoto wetu wodini wakipewa vinkristini wengine vidole vinakufa ganzi, wanatembea wakiburuza mguu, choo kinafunga. Tuliwapima damu kabla ya dozi. Daktari anahesabu dozi kwa ukubwa wa mwili, kwa miligramu, na mara nyingi haivuki miligramu 2 kwa mara moja hata kwa mtu mzima. Inaingia kwenye mshipa wa damu tu. Dawa hiyo ikikosewa ikachomwa kwenye uti wa mgongo inaua, na ndo maana inawekewa alama za onyo kubwa kubwa. Hiyo ndo dawa iliyomo kwenye ua lenu. Sasa niambieni, unaipimaje kwa kiganja cha majani na vikombe viwili vya maji?

Tena kuipima huwezi kwa sababu nyingine. Ndani ya hili ua kuna alkaloidi, yaani kemikali za mmea zenye nguvu mwilini, zaidi ya 100, sio moja. Zipo zinazoshusha presha, zipo za kugusa moyo, zipo za kugusa seli. Vinkristini yenyewe ni kidogo mno, ili wapate gramu 1 wanahitaji majani makavu kiasi cha kilo 2,000, na gramu 1 ya vinblastini ni kilo 500 hivi. Kwa hiyo mwenye kansa anayekunywa chai ya vinka hapati dozi ya kutibu kansa, haiwezekani, ila anapata huo mchanganyiko wote wa vitu vingine, kila siku, bila kujua leo kapata kiasi gani. Jani la mmea huu na jani la ule haviko sawa, la masika na la kiangazi haviko sawa.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, lakini shangazi yangu alikunywa sukari ikashuka. Sikatai kwamba kuna tafiti za wanyama zilizoonesha dondoo la majani linashusha sukari, zipo. Lakini ngoja niwape mfano wa mama mmoja, jina lake nalihifadhi. Alikuwa na vidonge vyake vya sukari, anavimeza vizuri, anapimwa, yuko sawa. Akaambiwa vinka ni ya asili haina madhara. Mwanzo akawa anavimeza vidonge na chai juu, akawa anatetemeka, jasho, kizunguzungu, akasema ni dawa za hospitali zimemzidi nguvu, akaacha vidonge akabaki na chai. Sijui kama mnaona mtego ulipo. Alivyoletwa kwetu sukari iko juu sana, kidonda cha mguu kimeshaanza kunuka, na kidonda kile kilimchukua kidole. Chai haikumuua. Chai ilimwondoa kwenye dawa iliyokuwa inamweka hai, na hicho ndo kinachoniuma mimi, maana nimekiona kwa wengi, sio kwa vinka peke yake.

Nisieleweke vibaya. Mimi sio adui wa miti shamba. Bibi yangu alikuwa anajua mimea kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye na nyumbani kwangu mchaichai na mrehani havikauki. Na ile bahasha ya Jamaika ilitokana na watu wa kawaida waliokuwa wanaamini mmea wao, bila wao hakuna ambaye angeuangalia. Ninachosema ni kwamba sio kila mmea ni chai.

Sasa niwapeleke Kampala, maana sehemu hii ni yetu kabisa.

Mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago kulikuwa na daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland. Akaitwa kuangalia mtoto wa kiume ana uvimbe kwenye taya, pande zote, juu na chini, sura imeharibika. Haikupita muda akaona mtoto mwingine hospitali nyingine, uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kuwatafuta kwenye kumbukumbu za hospitali, akakuta wapo wengi, mwaka 1958 akaandika. Halafu mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari lao kuukuu wakaendesha kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, maili 10,000 hivi kwa wiki kama kumi, wakipita hapa kwetu Tanganyika, hospitali hadi hospitali, wanawaonesha madaktari picha, je mnawaona watoto wa namna hii? Wakagundua uvimbe huu uko sehemu za joto, mvua nyingi, za chini, kule kule malaria iliko. Milimani kwenye baridi haupo. Pwani yetu imo ndani ya huo mkanda. Baadaye 1964 wanasayansi Uingereza wakapata kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kile cha Epstein-Barr.

Kansa hii inakua mbio kuliko karibu kansa zote za binadamu, inaweza kuwa mara mbili ya jana ndani ya siku moja au mbili. Ila kwa sababu inagawanyika mbio hivyo, dawa zinazokamata seli wakati wa kugawanyika zinaipiga kweli kweli. Burkitt akajaribu dawa kadhaa mpya, na vinkristini ikiwemo, mwaka 1966 akaandika jinsi uvimbe wa wale watoto ulivyoyeyuka. Mwaka uliofuata ikafunguliwa pale Mulago taasisi ya kansa ya Uganda. Yaani hili ua la Bukini, lililopitia Jamaika na Kanada na Marekani, likarudi Afrika Mashariki kwenye taya za watoto wetu.

Na linafanya kazi mpaka leo. Miaka ya 1960 mwanzoni mtoto mwenye kansa ya damu alikuwa karibu hakika anakufa, leo kwenye nchi zenye uwezo watoto tisa kati ya kumi wanapona. Sio ua peke yake, ni dawa kadhaa pamoja, vinkristini ni mojawapo. Kwetu hatujafika huko, na sababu kubwa niliyokuwa naiona kwa macho yangu ni kuchelewa. Mtoto anaanza kuvimba taya, jino linalegea, watu wanasema jino. Anang'olewa jino. Uvimbe unaongezeka, wanasema kalogwa. Wanazunguka na majani wiki sita. Kwa kansa inayokua kwa siku moja mbili, wiki sita ni nini jamani? Nimempokea mtoto aliyebebwa na bibi yake kutoka mbali, jicho limeshasukumwa nje, na bibi ananiambia "mwanangu, tulikuwa tunampa dawa." Bibi wa watu hakuwa na kosa, alikuwa anampenda mjukuu wake kuliko roho yake, ni kwamba hakuna aliyemwambia mapema. Yule mtoto alianza dozi, uvimbe ukaanza kupungua bibi anaona kwa macho yake, anaushika kila asubuhi. Wapo waliopona ninaokutana nao sokoni wakubwa, na wapo tuliowapoteza.

Kwa hiyo mama zangu, bibi zangu, uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua haraka kwa mtoto, jino linalolegea bila sababu, homa zisizoisha na mtoto anapauka, madoadoa ya damu kwenye ngozi, hospitali. Sio wiki ijayo. Mwambie daktari naomba aangaliwe kansa, neno hilo litaje mwenyewe usiliogope. Muhimbili wanatibu, Bugando wanatibu, KCMC wanatibu, Ocean Road kwa watu wazima kila mtu anaijua. Na ukishaanza dozi usimtoroshe mtoto kwa sababu uvimbe umepotea. Uvimbe kupotea sio kupona, dozi inamalizwa.

Nigusie Madagaska kidogo kisha niwaachie. Dawa hizi zimeingiza pesa nyingi sana, na kule ua lilikotoka, kusini mwa kisiwa, kuna watu maskini kabisa ambao kazi yao ilikuwa kuchuma majani na kung'oa mizizi kwa ajili ya viwanda vya Ulaya na hawakuona cha maana. Dunia ikaja kuandika mikataba baadaye, wa bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, mwaka 1992 na wa Nagoya 2010, kwamba nchi yenye mmea ipate haki yake. Na tangu 2022 kuna wanasayansi wameweza kuifanya hamira itengeneze viungo vya vinblastini kwenye mtungi wa maabara, kwa hiyo huko mbele huenda wasihitaji hata majani. Nawaambia hili kwa sababu kuna vijana hapa wameniuliza tulime vinka ekari nzima tuuze majani. Nani anunue? Mwambieni huyo anayewashawishi alete mkataba kwenye maandishi, jina la kiwanda, bei ya kilo, kabla hamjafyeka mihogo yenu. Mpaka hapo, vinka tuuze kama miche ya urembo, inatoka vizuri tu.

Kulikuwa na maswali, nayaweka hapa na majibu niliyotoa.

Dada mmoja aliuliza, kama ni sumu, niling'oe nyumbani, nina mtoto wa miaka miwili? Huna haja ya kung'oa. Ndoo iinue juu asikoifikia mpaka awe na akili ya kuelewa. Majani ni machungu, watoto wengi wanatema. Lakini akitafuna akameza, msimtapishe, msimpe maziwa wala dawa za kienyeji, mfute mdomo, mbebe hospitali na kitawi cha ua mkononi ili waone ni nini.

Mzee wetu wa Chumbageni akauliza mbuzi. Mbuzi wengi wanaliepuka kwa uchungu wake, ndo maana linastawi pembeni ya barabara. Ila mkishapunguza matawi msiwatupie zizini yakiwa yamechanganyika na majani mengine, hapo hawezi kuchagua. Chimbia au weka kwenye mboji iliyofunikwa.

Mwingine akauliza, mimi nimekuwa nakunywa hiyo chai muda sasa, nifanye nini? Acha leo. Nenda kapime sukari, presha na damu kamili, mwambie daktari ukweli ulikuwa unakunywa nini na kwa muda gani, hakuna atakayekucheka, na dawa zako za hospitali usiziguse mpaka yeye aseme.

Mbegu nilizogawa Jumamosi zimebaki bahasha kadhaa, nyeupe na waridi, zile zenye jicho jekundu zimeisha. Wa nyumbani kwenu waje kitaluni mchana wowote isipokuwa Ijumaa, ni bure kwa wanakikundi. Lakini subirini masika yapite kwanza ndo mzipande.